Vita vya Munshi Rafaqat na Dizeli Isiyo na Mwenyewe

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mliozoea habari za majemadari waliobomoa ngome na kuteka miji, wekeni kando mambo hayo madogo. Leo nanena jambo kubwa: jinsi Munshi Rafaqat, simba wa kalamu, bwana wa mafaili, karani wa hesabu katika kiwanda cha vifaa vya upasuaji cha Haji Tufail hapa Sialkot, alivyoufuata waya mmoja kutoka uani hadi ghorofani. Mimi hufungasha mikasi katika makasha, nami niliyaona kwa macho haya.

Jueni kwanza adui alikuwa nani. Kila oda iingiayo kwetu hubeba mzigo wake yenyewe, yaani chuma chake na ujira wa mikono iliyoifanya, na hapo hapana ugomvi. Lakini ziko gharama zisizo na baba wala mama: pango la jengo, mshahara wa mlinzi, na juu ya zote dizeli ya jenereta, mlafi asiyejua kushiba. Hizo hugawiwa oda zote, na kanuni ya kuzigawa aliiacha marehemu baba yake Haji: kazi ilayo saa nyingi za mikono ndiyo ibebe nyingi. Tuliiheshimu kama wasia, na kwa kweli ilikuwa wasia.

Basi Fundi Barkat, mwenye tupa isiyokosea, na wenzake wa benchi la mkono walikuwa wakitengeneza mikasi ya kupasulia macho, kazi isiyotaka haraka. Saa zao zikawa nyingi, dizeli ikawaangukia wao, na koleo za mashine, zitokazo upesi upesi, zikapita nyepesi na kusifiwa. Hesabu ikatamka kwamba mikasi ya macho yaleta hasara. Haji akaamuru benchi la mkono livunjwe mwisho wa mwezi. Barkat aliketi kwenye benchi lile tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Iliniuma, sitaficha.

Adhuhuri moja ya Juni, umeme ukiwa umekatika kama desturi yake, shujaa wetu alitumwa kuipeleka habari hiyo chini. Akapita ukumbini akawakuta watu wa mashine wamelala sakafuni, mashine zao kimya, kwa kuwa jenereta yetu ni ndogo na haiziwezi. Akatoka uani akawakuta watu wa mkono wamehamisha mikeka hadi kwenye kivuli cha ukuta, kama wafanyavyo kila umeme ukikatika, wakipiga tupa. Kando yao jenereta ilinguruma kwa ghadhabu ya majeshi saba. Munshi akaisoma amri ya Haji kwa sauti iliyopungua kila neno.

Barkat hakuinua kichwa. “Sawa, Munshi. Ila niambie, tunafukuzwa kwa sababu gani hasa?”

“Dizeli, Fundi. Dizeli imewazidi.”

“Dizeli ipi tena? Mimi taa yangu si hili jua?”

Munshi akamtazama, akayatazama madirisha ya ukumbi ambamo hakuna gurudumu lililozunguka, akaitazama jenereta. “Sasa hii inamfanyia nani kazi?”

“Ah, mimi nijuaje? Mwenye kalamu ni wewe.”

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo safari ilipoanza. Rafaqat akaushika waya mweusi utokao katika ubavu wa jenereta, akaufuata ukutani, akaingia nao ukumbini, akamkanyaga mtu wa mashine mkono na kutukanwa kwa lugha nisiyoweza kuirudia, akaukwea mlima wa ngazi kitambi kikitangulia. Nami nyuma yake, kasha begani, kisingizio tayari. Waya ukapita juu ya mlango wa ofisi, ukapita juu ya kiti chake mwenyewe, ukaishia katika kiyoyozi kilichokuwa kikipuliza kipara cha Haji na shingo ya shujaa tangu siku kilipofungwa.

Akasimama. Baridi ilikuwa tamu. Angeweza kuketi, akanyamaza, na hakuna ambaye angejua ila mimi, nami si mtu wa kuulizwa. Vita vikubwa vya zama zetu vilipiganwa pale, na vilipiganwa shingoni mwake.

“Ewe Haji Tufail,” akanena, “nimeisaka dizeli hii kutoka uani hadi darini. Haijafua koleo hata moja wala haijanoa mkasi. Inaishi humu pamoja nasi. Fundi Barkat anatulipia baridi, na yeye yuko juani.”

Haji, aliyekuwa akisinzia kwenye kochi, akafumbua jicho moja. “Unataka nini, Munshi?”

“Tuiandike ofisini.”

“Ikiandikwa ofisini nani anailipa?”

“Wewe, Haji. Inatoka kwenye faida yako.”

Jicho la pili likafumbuka. “Mbandikie mlinzi.”

“Mlinzi analala nje, Haji.”

“Na kanuni ya marehemu baba?”

“Marehemu baba yako hakuwa na kiyoyozi.”

 Haji akainuka, akakizima kiyoyozi, akasema benchi la mkono libaki, na jenereta nayo ikazimwe. Katika hesabu dizeli ikahamia ofisini, mikasi ya macho ikaonekana ina faida, kama ilivyokuwa siku zote.

Basi na iandikwe, vizazi vijavyo vipate kuisoma, kwamba mtu mmoja wa Sialkot alijinyang'anya ubaridi wake kwa kinywa chake, katika mwezi wa Juni, wala hakulazimishwa. Kabla ya alasiri shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Akateremka uani na mafaili yake kwapani, asijue pa kwenda. Barkat akauvuta mkeka wake kando kidogo.

“Kaa huku, Munshi,” akasema. “Kivuli kinatutosha.”