Usiku wa Saa Nane Mchana

Jumatatu, Agosti 15, 2016. Gudele, Juba.

Wiki saba za ndoa! Asubuhi nimemtazama Swaka wangu akipiga mswaki, moyo ukanienda mbio kama siku ya kwanza. Hata povu linampendeza.

Kisha kikao cha familia. Balaa tupu. Tangu mapigano ya Julai nusu ya mtaa wetu imeshavuka kwenda Uganda, na sasa ni zamu yetu. Basi linaondoka Jumamosi, kwenye msafara wenye askari. Mama mkwe wangu, Mama Teresa, ametoa hukumu: mwenye kazi abaki alinde nyumba, asiye na kazi apande basi. Swaka ana kibanda chake cha kuchaji simu. Anabaki. Wifi yangu Helen ni mwalimu wa shule ya msingi. Anabaki pia, na amelitamka neno "nabaki" mara mbili huku akinitazama. Wanaoondoka ni Mama na mimi.

Nimelia. Nimesema nimekulia ukimbizini Koboko, Uganda, nimesoma ugenini Kitale, Kenya, nimerudi kwetu, nimeolewa, na sitoki tena kwa mguu wala kwa gurudumu. Mama, ambaye huniita Arusa, yaani bibi arusi, akasema, "Arusa, machozi si kazi."

Haya. Itatafutwa kazi.

(Naandika Kiswahili makusudi. Helen anasoma Kiarabu na Kiingereza, na ni mpekuzi.)

Jumanne, Agosti 16.

Kazi ipo! Karibu ipo. Nimekaa kibandani kwa mume wangu, jenereta likinguruma, nikaigundua tovuti inayoitwa Kapu la Wazee. Ni masomo ya mtandaoni kwa watoto na walimu: hadithi, nyimbo, ususi, vibuyu, vyungu. Wanatafuta walimu walioko Sudan Kusini. Nimemwandikia msimamizi, Bwana Fortunato wa Kampala, kwamba mimi ni fundi wa kuchora vibuyu tangu utotoni. Akajibu nitume mfano wa kazi yangu.

Somo lao la vibuyu nimelitazama nusu, mtandao ukakatika. Haidhuru, nimemaliza kidato cha nne. Msumari upashwe moto, kibuyu kichorwe. Kibuyu sikuwa nacho, ila juu ya kabati kuna kimoja cha Mama, cha kuwekea ufuta. Nikaanza ndege wawili wapendanao. Wa kwanza alitoka vizuri, ingawa kwa mbali anafanana na kiatu. Kwa wa pili, msumari ulizama. Ufuta ukachuruzika sakafuni kama mchanga. Nikaziba tundu kwa chingamu, nikakigeuzia ukutani.

Helen alikigeuza tena hata ugali haujaiva! Akatangaza kwamba kibuyu hicho Mama alikuja nacho kutoka Rejaf siku alipoolewa. Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakufoka. Alikitazama, akauliza hiki kiatu ni cha nani. Helen alicheka mpaka akapaliwa. Swaka alisema yeye anaona ndege. Jamani, mume huyu!

Jumatano, Agosti 17.

Mpango mpya, bora zaidi. Hadithi! Sihitaji kuchoma chochote. Mama ana hadithi tele za Kibari. Yeye asimulie, nirekodi, nitafsiri, nitume kwa jina langu, mwalimu Santina. Kibari changu ni cha salamu na soko, lakini mapenzi hufundisha lugha.

Mama akakataa. Hadithi haisimuliwi mchana, alisema. Anayesimulia mchana huifukuza mvua. Nikamwambia jioni mtandao unazimika, na Swaka huzima jenereta kwa sababu za usalama, na Fortunato anataka kazi leo. Akasema Fortunato si mvua.

Sawa. Kama mchana haufai, usiku unatengenezwa!

Mama hulala baada ya chakula cha mchana. Saa nane, alipokuwa akikoroma, nikaziba dirisha kwa blanketi mbili, mlango kwa shuka la arusi yetu (nisamehe, Swaka), na matundu ya bati kwa matambara. Nikawasha taa ya mafuta. Nikamwamsha taratibu, nikamwambia pole Mama, umelala sana, jua limeshatua, tunakusubiri kwa hadithi.

Alikaa kitandani akinitazama. Jogoo wa jirani akawika. Nikasema jogoo huyo ni mgonjwa. Kengele ya muuza barafu ikapita barabarani. Nikasema siku hizi watu wanakula barafu usiku kwa ajili ya joto. Mama akafuta jasho usoni, akasema yala, haya basi, weka simu yako.

Akasimulia! Sauti kama maji ya mtoni. Nilishika maneno matatu: mke, jua, gunia. Helen alikuwa nje ya mlango, nikamsikia akicheka mpaka akakaa chini. Wivu huo.

Tafsiri nimeimaliza kwa pumzi moja. Mke mwema alimpenda mumewe hata akamletea jua ndani ya gunia ili asione baridi. Nimetoa machozi mwenyewe. Nimetuma pamoja na sauti ya Mama.

Ijumaa, Agosti 19.

Fortunato amejibu. Nimesoma kibandani, nimesoma tena nyumbani, maneno hayabadiliki.

Wamefurahi sana, ofisi nzima imecheka. Wanasema tafsiri yangu ni nzuri ila haifanani na sauti. Kwenye sauti kuna arusa mpumbavu aliyelishonea jua kwenye gunia ili kusikuche na mumewe asiende kazini. Mtama ukaoza shambani, kuku wakaacha kutaga, mume akawa anajigonga ukutani, mpaka mama mkwe alipokuja na kisu akaufungua mshono. Wanamtaka mzee huyo awe mwalimu wao kila wiki. Mtafsiri wanaye tayari.

Nilimwendea Mama kwa hasira. Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu alipofumbua macho: bati lilikuwa linaungua kama kikaango, usiku gani wa Juba uko hivyo? Nikasema basi umesimulia hadithi mchana, umevunja mwiko wako mwenyewe. Akasema hapana, yeye hasimulii hadithi mchana. Ile ilikuwa habari.

Helen akampigia Fortunato simu papo hapo. Mama akamwambia anakubali, ila baada ya jua kuzama tu. Fortunato akasema hakuna shida, watampa chombo cha kurekodi bila mtandao, atume asubuhi. Hakuna shida! Kumbe ilikuwa ni kuuliza tu!

Na sasa Mama ana kazi. Mwenye kazi anabaki. Anayepanda basi kesho ni mmoja.

Swaka amenishika mkono. Nilimwambia asihuzunike, bado nina usiku mzima wa kufikiri. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumapili, Agosti 21.

Nimo nyumbani. Nyumbani! Kitandani kwangu, Gudele, na Swaka anakoroma kama malaika.

Jana nilipanda basi, kweli. Mama alinifungia karanga. Helen alilia, na nadhani lilikuwa chozi la kweli, nimemsamehe mambo kadhaa. Tulivuka daraja, basi likasimama Gumbo kusubiri magari mengine ya msafara. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alikuwa anakimbia kwa mara ya nne maishani. Aliniuliza hii ni ya ngapi kwangu. Nikahesabu: niliwahi kubebwa mgongoni, niliwahi kuondoka kwa lori. Nikamwambia ni ya tatu. Kisha nikasema hapana, mama, ni mbili tu, hii siitambui. Nikachukua begi langu nikashuka. Dereva alinipigia kelele kwamba sina akili. Nilimjibu kwamba nina mume.

Sikutembea mbali. Bodaboda ilikuja upande wangu kwa kasi, na nyuma amekaa Swaka wangu, vumbi mpaka kwenye kope. Alidai amekuja kuniletea chaja niliyoisahau. Mikononi hakuwa na chaja. Nililia barabarani mbele ya askari, na askari mmoja akageuka pembeni akajifuta macho.

Lakini hukumu ya Mama iko palepale, na mimi si mtu wa kuingia nyumbani mikono mitupu. Nikiwa bado ndani ya basi nilikuwa nimeshamwandikia Fortunato kwamba ukoo wetu wote ni wafinyanzi na mimi ndiye hodari wao. Jibu lilifika tukiwa juu ya bodaboda: nimekubaliwa kufundisha vyungu, kwa majaribio! Nilipomsomea Swaka sikioni, aliuliza kama nimewahi kufinyanga chungu hata kimoja. Nikamwambia wivu haumpendezi.

Mama alitukuta mlangoni. Aliuliza kazi gani. Nikasema mwalimu wa ufinyanzi. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akauliza udongo nitautoa wapi. Nikasema ule wa kawaida. Akaingia ndani, nikasikia sufuria zikihamishwa kutoka rafu ya chini kwenda rafu ya juu nisikofika, moja moja.

Somo la kwanza ni Jumanne, watoto darasa zima. Kesho nitamuuliza Mama, kwa ujanja tu, asije akashtuka, kama chungu huanziwa chini au juu.