Jinsi Opendi wa Molo Alivyobadilisha Gurudumu Mbele ya Mama Mkwe Wake

Zimeni redio, enyi watu wa pande zote mbili za mpaka, nanyi madereva wa malori mnaokaukia kwenye foleni mkihesabu nzi, sogezeni masikio. Waacheni majemadari waliovuka milima na majeshi yao, waacheni na wafalme waliochongewa sanamu kwa sababu walichoma miji ya watu. Hapa inasimuliwa habari inayozipita hizo zote: habari ya Opendi mwana wa Molo, Mshika Usukani, Bwana wa Gari Dogo Jeupe lenye mlango mmoja wa bluu, ambaye siku ya Jumapili, jua likiwaka na watu wakimwona, alitoa gurudumu lenye pancha akaweka lingine.

Mtacheka. Chekeni sasa mmalize, maana mbele kuna hatari.

Siku hiyo Opendi alikuwa amebeba hazina. Mama mkwe wake Benedeta, Nguzo ya Kwaya, Tishio la Wanakamati, alikuwa amekaa Rubongi kwa dada yake akitibiwa goti, na sasa alitakiwa kanisani kwao Masinya amshike mjukuu wake wakati wa kubatizwa. Padre wa kule huja kwa nadra kama mvua ya Januari, na akishafunga begi lake halifungui tena hata umlilie. Kwa hiyo Mukhwana, baba wa mtoto, alipanga kumtumia mama yake bodaboda. Opendi aliposikia hayo alisimama katikati ya chakula, mchuzi ukimtiririka kidoleni, akamhutubia mkewe Joanita kama anayehutubia taifa.

"Mwambie ndugu yako," alisema, "kwamba mwanamke aliyekuzaa wewe hatafika kwenye ubatizo amekumbatia mgongo wa kijana wa pikipiki. Atafika kwa gari langu, na mguu wake hautagusa udongo toka Rubongi hadi mlango wa kanisa. Nimeapa."

Maneno mazuri hayo. Tangu anunue gari alikuwa hajawahi kupima upepo wa tairi la spea, lakini maneno yalikuwa mazuri.

Basi wakaondoka asubuhi kwa heshima zote. Na heshima yenyewe msiichezee, kwani kwa Wasamia wa kina Joanita, na kwa Wapadhola wa kina Opendi vilevile, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawali sahani moja wala hawasemezani ana kwa ana. Neno lazima libebwe na mtu wa tatu. Opendi alikuwa ametundika leso, yaani kanga ya mkewe, katikati ya gari, toka dirisha hadi dirisha. Nyuma ya leso alikaa Benedeta, amevaa viatu vyeupe, pajani kuku mwekundu wa kumpa padre, na kando yake kapu lenye ubao mpya wa kusukumia chapati, zawadi ya kumpa mama wa mtoto. Mbele ya leso walikaa Opendi na Joanita, mbeba maneno. Mama aliposema gari linakwenda mbio, Joanita alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa amesikia vizuri kabisa, akamwambia mama anasema gari linakwenda mbio.

Walikuwa wameuacha Mwamba wa Tororo mbali mgongoni, wameingia barabara ya udongo iliyonyeshewa usiku kucha, ndipo adui alipojitokeza. Hakuja na ngoma wala bendera. Alikuja na urefu wa msumari. Gurudumu la nyuma la kushoto, lile lililo chini kabisa ya kiti cha mheshimiwa, lilitoa mlio kama mzee anayekaa chini baada ya kazi, na gari likaanza kuchechemea.

Opendi akalisogeza pembeni, na kwa hilo asifiwe, kwa maana ndilo jambo la mwisho la akili alilolifanya kwa muda mrefu. Joanita alivunja matawi akayalaza barabarani nyuma yao ili wenye mwendo wajue kuna walioharibikiwa. Halafu akamwambia mumewe kwamba mama ashuke kwanza.

Ashuke? Shujaa alimtazama mkewe kana kwamba ametukanwa. Alimkumbusha kiapo. Alimkumbusha matope na viatu vyeupe. Aliuliza kama yeye, Opendi, ndiye wa kumteremsha mama wa watu kando ya njia kama gunia la mihogo, apite mbele ya mkwewe akijikokota na goti. Jeki ilitengenezwa kuinua gari, alisema, na mama ni sehemu ya gari.

Akaitoa jeki, silaha ya mababu, yenye kutu ya kutosha kupaka nyumba. Akaisimamisha juu ya udongo mwororo bila kitu chini yake. Hakuweka jiwe mbele ya gurudumu lolote wala nyuma. Hendibreki aliivuta, ingawa hendibreki ya gari lile ilikuwa pambo tu, kama saa ya ukutani isiyo na betri. Akazungusha, gari likapaa, na Benedeta akapaa nalo taratibu nyuma ya leso, kama malkia anayenyanyuliwa na watumwa wake, kuku naye akipaa.

Ndipo Opendi akashika spana akazikabili nati. Sasa, hata anayeosha magari kwa kujaribu anajua kwamba nati hulegezwa gurudumu likiwa bado limekanyaga chini. Opendi aliligundua hilo kwa njia yake. Alivuta spana kwa nguvu zote za ukoo wa baba yake, na gurudumu, likiwa hewani, likazunguka pamoja na spana, pamoja na shujaa, likamweka matopeni. Akainuka. Likamweka tena. Joanita alimwambia zile nati zinahitaji bomba la kurefushia spana, akaenda kuazima kwenye boma lililokuwa ng'ambo ya shamba la mtama, akiwa na haraka kuliko alivyotaka ionekane.

Hivyo mbeba maneno akawa ameondoka, na kati ya mkwe na mama mkwe ikabaki leso peke yake.

Saa hiyohiyo matope yakaruka njiani, na katikati ya matope bodaboda. Mukhwana alikuwa amepata habari za pancha kwa simu aliyopiga Joanita kwa siri alipokuwa akivunja matawi, na hakungoja. Alikuwa amemtuma Rasto, Mwewe wa Masinya, kijana wa miwani ya jua isiyo na kioo kimoja. Rasto akasimama, akaacha injini ikinguruma.

"Mzee, mimi natumwa na Mukhwana," alisema. "Mama iko wapi? Padre nafika zamani. Hii gari yako nalala, wewe acha ilale."

Opendi alijifuta matope usoni, jambo ambalo liliyasambaza tu. "Rudi ukamwambie aliyekutuma," alisema, "kwamba gari la Opendi halilali. Limepiga magoti kidogo. Mama atafika ndani yake."

"Sawa," alisema Rasto, akajinyoosha juu ya kiti cha pikipiki kama mtu aliyekuja kutazama mpira. "Mimi nangoja."

Na hapo, wasikilizaji, Opendi akageuka akaiona jeki. Ilikuwa imeanza kuzama, na katika kuzama ilikuwa inainama, polepole, kama mlevi anayeutafuta ukuta. Juu yake kulikuwa na gari, na ndani ya gari bibi wa mtoto. Kumsemesha mama mkwe hakuweza. Kumtuma Rasto amwambie ashuke, Rasto angemshusha moja kwa moja hadi kwenye bodaboda, na jina la Opendi lingezikwa Masinya siku hiyohiyo. Kukaa kimya nako, jeki haikuwa na adabu za ukwe.

Alilivuta tairi la spea kutoka kwenye buti, akalisimamisha mbele yake, akapiga magoti, akalihutubia.

"Ewe tairi," alisema, kwa sauti ya kutosha kuvuka leso, "wewe ambaye hujawahi kukanyaga barabara, nisikilize. Kama ndani ya gari hili kuna mtu mkubwa ninayemheshimu kuliko macho yangu, mwambie ashuke. Mwambie ashuke sasa hivi. Jeki inakwenda."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya leso, imetulia, ikizungumza na kuku.

"Kuku, liambie hilo tairi kwamba kuna mtu aliapa sitakanyaga udongo. Ndiyo sababu nimevaa viatu hivi."

"Tairi, mwambie kuku kwamba mtu huyo ni mjinga."

"Kuku anajua," ilisema sauti.

Mlango ukafunguka. Kikatoka kiatu cheupe, kikatua matopeni kwa huzuni, halafu goti likakataa. Benedeta alibaki nusu ndani nusu nje, akihitaji mkono. Rasto alikuwa ameshafika, amenyoosha wake, mkono huru usiokuwa mkwe wa mtu. Opendi hakuwa na mkono wa kutoa. Alichokuwa nacho ni spana ya magurudumu, akamnyooshea, yeye akishika ncha moja na kutazama mtama. Benedeta aliutazama mkono wa Rasto, akaitazama spana yenye grisi, akaishika spana.

Akavutwa. Chuma kikawa katikati, ngozi haikugusa ngozi, adabu ikabaki nzima. Alikuwa hajafika kwenye majani vizuri pale jeki ilipolala. Gari lilishuka kwa kishindo kilichowarusha ndege wote wa shamba lile, na leso ikadondoka. Rasto akazima injini.

Hapo akili zikamrudia Opendi. Alitafuta mawe makubwa akayabana mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki. Joanita alirudi na bomba, akatazama gari, akamtazama mama yake, akamtazama mumewe, akampa bomba. Nati zikalegezwa gurudumu likiwa chini, zikalia kama panya. Ila udongo ulikuwa uleule, na jeki ileile.

"Kuku," alisema Benedeta kutoka majanini, "liambie tairi kuna ubao kwenye kapu."

Opendi alisita. Ubao ulikuwa mpya, mweupe, zawadi. Lakini kuku alikuwa amesema. Akauweka chini ya jeki, akainua, safari hii gari likapanda likiwa halina mtu, na mguu wala mkono wa Opendi haukuingia chini yake. Gurudumu bovu likatoka. Spea lilipobonyezwa lilibonyea kama embe bivu, na hapo Rasto, Mwewe, adui, akafungua kisanduku chini ya kiti chake, akatoa pampu, akapampu mwenyewe huku akinung'unika kwamba yeye nakuja kubeba mama, si kubeba upepo. Nati zikarudishwa kwa vidole, zikakazwa kwa kuvuka, hii kisha inayoikabili, gari likashushwa, zikakazwa tena kwa uzito wote wa shujaa.

Wakafika Masinya padre akiwa na maji mkononi na Mukhwana akiwa na uso wa msiba. Benedeta akapita katikati ya kanisa, kiatu kimoja cheupe, kimoja cha kahawia, akamchukua mjukuu, maji yakamwagwa, mtoto akalia inavyotakiwa.

Wakati wa matoleo alisimama mbele na kuku wake. Mukhwana alikuwa ameshawanong'oneza majirani kuhusu bodaboda yake iliyookoa mambo. Mama yake hakumtazama. Alimwinua kuku, akamwambia kwa sauti ya kwaya, kanisa zima likisikia:

"Kuku, ukifika kwa padre mwambie hukuletwa na bodaboda. Umeletwa na gari."

Opendi, aliyesimama mlangoni kwa sababu ya matope, aliugeukia ukuta akajifuta macho.

Wanahistoria watauliza ushahidi uko wapi. Waende kwa Mukhwana. Ubao ule una alama ya mguu wa jeki katikati, imezama hasa, na hakuna kuukwangua kunakoiondoa. Kila chapati inayosukumwa katika nyumba ile hutoka na kimraba chake, watoto huanza kuila hapohapo, na hivyo ndivyo ushindi wa Opendi wa Molo unavyotafunwa Masinya kila Jumapili, moto, pamoja na chai.