Malalamiko Juu ya Madaktari Wanaoulizana Hali

Miyuji, Dodoma
14 Juni 1993

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam. Mimi ni Silvano Chilongani, muuguzi mstaafu wa hospitali yako, niliyeshika funguo za wodi ya wanaume kwa miaka ishirini na sita. Moyo wangu umechoka, na nimeambiwa nisitegemee sana kuziona zabibu za Agosti. Kabla sijaondoka naleta malalamiko juu ya vijana wanaosomea udaktari wa magonjwa ya akili hapo kwako. Kila Alhamisi saa kumi hujifungia katika stoo ya zamani ya mablanketi, wakakaa wawili wawili na kuulizana, "Wiki yako imekuwaje?" Naomba upige marufuku.

1. Wanalia. Daktari Priska alikiri kwamba mgonjwa alimtoroka, naye akaenda kulia chumba cha kufulia. Enzi zetu hatukulia. Mgonjwa akitoroka, nilikwenda jikoni nikamfokea mpishi Mustapha kwamba chumvi imezidi. Nilifanya hivyo miaka yote, na nidhamu ilikuwepo.

2. Msikilizaji haruhusiwi kutoa ushauri mpaka aombwe. Daktari anyamaze! Akizoea kumsikiliza mwenzake, kesho atamsikiliza mgonjwa. Mgonjwa akisikilizwa atapona, arudi kwao. Vitanda vitabaki vitupu, na Serikali, ambayo siku hizi inauza kila kilichosimama, itauza na wodi. Atakuja tajiri afungue baa, na wateja wake watakuwa wauguzi wastaafu.

3. Wanamtibu mtu bila yeye kuomba. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikikusanya ushahidi wa barua hii, Daktari Kefa, Mnyamwezi, mtani wangu, akafungua. "Wewe Mgogo, unataka kutufia mlangoni tukose pa kupita? Ingia, chai ipo." Wakaniuliza wiki yangu. Nikasema njema. Wakanyamaza. Walinyamaza vibaya sana, Ndugu Mganga Mkuu, mpaka nikausikia mdomo wangu ukisema jambo la mwaka 1971.

Mgonjwa mmoja, Damas wa Hombolo, aliletewa habari kwamba mama yake amefariki. Alipiga magoti akiniomba nimfungulie akamzike. Hakuwa mkali, zilibaki siku nne aruhusiwe kwenda nyumbani. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nikamwambia, "Kesho." Kesho yake walikuwa wameshazika, na Damas hakusema neno kwa miezi mitatu. Kwenye faili niliandika: Mgonjwa ametulia.

Hilo sikumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Pale stooni hakuna aliyenishauri wala kunihukumu. Kefa aliniongezea chai akasema, "Kumbe ufunguo ule hujaurudisha, mtani. Ndiyo maana umekonda upande mmoja." Nikacheka, kisha nikalia, mbele ya watoto wa juzi.

4. Tangu siku hiyo nalala usingizi na ugali naumaliza. Hii ni aibu. Koti nimeshagawa, baiskeli nimeshagawa, na shemeji zangu wa Zuzu waliokuja kuniaga wako hapa wiki ya tatu, wakinitazama nikiomba mboga zaidi. Niwaambie nini?

Kwa hiyo mikutano hiyo ikomeshwe, kila daktari abaki na lake moyoni kama tulivyobaki sisi, na vijana wafundishwe kufokea wapishi.

Nisalimie wauguzi wote, wagonjwa wa wodi ya wanaume, na huyo anayeshika funguo zangu sasa.

Mtumishi wako wa zamani,
Silvano Chilongani

Nyongeza: Marufuku isianze Alhamisi hii. Daktari Priska ameniulizia habari za Damas: yu hai, analima zabibu kwao. Keshokutwa nakwenda Hombolo kumwona. Mustapha atanisindikiza; nilimwomba radhi kwa makelele ya miaka ile, akaniambia chumvi alikuwa akiizidisha makusudi. Sijui Damas atanipokeaje, ila Alhamisi saa kumi lazima niwepo stooni, kwa maana mara hii wakiniuliza wiki yangu sitasema njema tu. Kiti kimoja ki wazi, Ndugu Mganga Mkuu. Njoo na kikombe chako.