Bwana Harusi, Ongeza Resi

Tanga nzima hakuna mwanamume aliyepanda cheo haraka kama mume wangu Nasri. Jana yuko nami kwenye foleni ya sabuni. Magari ya nje yakaruhusiwa, leo ni bwana mkubwa. Gari lake, lililotumika Ujapani mpaka wenyewe wakalichoka, alilinunua kwa minazi yangu ya Kigombe niliyorithi kwa mama. Aliiuza bila kuniuliza.

"Tutapanda wote, Mwatumu," akaniahidi.

Kuku wamepandishwa. Mimi bado.

Kuendesha hakukujua sana, ila kupiga resi alihitimu. Kila asubuhi, injini baridi kama maji ya mtungini, gari limesimama, yeye anakanyaga mafuta mpaka vichanga vya jirani vinalia.

Fundi Fanueli akamwonyesha ile saa ya injini. "Bwana Nasri, mshale usifike kwenye nyekundu. Utaiua injini."

"Nyekundu wamewawekea waoga."

Yeye hakusikia. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikasikia vizuri.

Kisha akatangaza anaoa mke wa pili, mtaa wa Chumbageni. Gari ndilo lililoposa. Yeye alilisindikiza tu.

Siku ya harusi nikavaa buibui, nikafunika uso, nikaingia kwa bibi harusi kama mgeni. Kwetu bwana harusi hafunguliwi hivi hivi. Wanawake huushika mlango kwa ndani, wakamtania mpaka wachoke. Nikajibanza karibu na komeo.

Gari likafika. Nasri hakushuka, wala hakupiga hodi. Akapiga resi.

"Nani huyo?" akauliza Hafsa, shangazi wa bibi harusi.

"Injini haiwaambii?"

"Hatujasikia," nikasema kwa sauti nyembamba. "Ongeza."

Akaongeza. Wanawake wakaupenda mchezo, wakaitikia wote: "Hatujasikia, bwana harusi! Ongeza!"

Nje Fanueli alikuwa akimsihi: "Mshale, bwana! Tazama mshale!"

Mara kishindo. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango: chuma kimetoboa ubavu wa injini. Nasri akashuka kufungua boneti, kanzu nyeupe ikalamba oili. Minazi ya mama yangu ikawa inavuja barabarani.

Hafsa naye akafungua kidogo, akachungulia. "Tuliambiwa anakuja mwenye gari. Huyu mwenye moshi hatumjui." Akarudisha komeo.

Sasa Nasri akagonga kwa mkono, polepole. "Jamani, nifungulieni."

"Hatujasikia," nikasema, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe.



"Mwatumu?"

"Ongeza, bwana harusi."