Sanduku la Tatu

Jumanne, 23 Aprili

Siku nne tu kabla ya Sikukuu ya Mfalme, siku ambayo Uholanzi nzima huuza vitu vyake vya zamani barabarani. Mwaka huu sifanyi mchezo. Mwaka jana nilikaa sokoni saa sita nyuma ya meza ya vitu vyangu chakavu, na kila mteja aliponiuliza bei nilimwambia achukue tu. Mmoja alichukua na meza.

Hapa naandika ukweli, maana hakuna anayesoma: mimi nina haya. Shuleni tunafundishwa kwa Kifrisia na Kiholanzi, nami nanyamaza vizuri kwa lugha zote mbili. Lakini miaka kumi na mitano ya kunyamaza imenipa muda wa kufikiri. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo ni Jumamosi.

Mpango: kupata nafasi ya darajani. Kila anayevuka mfereji lazima apite hapo. Kila mwaka huikamata Redmer, kijana jirani wa ng'ambo ya mfereji, mwenye mdomo kama baragumu. Huwahi na chaki, huchora mraba wake chini, huandika jina, basi, hakuna wa kumgusa. Mwaka huu kamati ya sikukuu imeleta sharti jipya: atakayetoa masanduku mengi zaidi kwa ajili ya mnada wa kanisa (paa linavuja) atachagua nafasi kwanza. Redmer katoa mawili. Mem, mama yangu, anayo mawili ya kutoa, kayaweka chini ya ngazi.

Mawili kwa mawili. Haitoshi.

Jumatano, 24 Aprili

Ushindi! Masanduku matatu! La tatu nimeliona nyuma ya yale mawili, zito, limefungwa kamba vizuri. Sikulifungua, nimeyapeleka yote matatu ukumbi wa kanisa. Mtu wa mipango hapotezi muda. Ningemuuliza Mem, ila alikuwa na wageni sebuleni na ningelazimika kuwasalimia.

Darajani ni kwangu. Nimeandika FARDAU kwa chaki, kwa herufi kubwa kuliko sauti yoyote niliyowahi kutoa. Redmer kapita na baiskeli, kasoma, kasema hakujua kwamba jina hilo lina mwenyewe. Sikumjibu. Jibu zuri sana limenijia baada ya saa mbili. Nimeliandika nyuma ya daftari, lisipotee.

Alhamisi, 25 Aprili

Balaa.

Wakati wa kahawa Pake kauliza kama kuna aliyeona sanduku lake la kamba. Pake ndiye babu yangu, anakaa nasi. Ndani ya sanduku hilo mna viatu vyake vya kutelezea barafuni. Mbao mbili, vyuma viwili, ngozi nyeusi. Alivivaa ujanani kuteleza juu ya mifereji iliyoganda, kupita miji yote kumi na mmoja ya mkoa wetu kwa siku moja, akarudi na vidole vya mguu pungufu viwili kwa baridi. Kila mwaka Aprili ikiisha huvipaka mafuta, polepole, kana kwamba anamwogesha mtoto mchanga. Wakati huo hata Mem haruhusiwi kuwasha redio.

Kulikuwa na njia mbili. Kusema. Au kufikiri. Nikafikiri.

Nimemwambia nimevipeleka mjini Dokkum kwa fundi, vinolewe. Pake kauliza, mwezi wa nne? Barafu iko wapi, mjukuu wangu? Nikamjibu kwamba ndiyo maana: hakuna foleni. Kanitazama muda mrefu, kisha kakata kipande kingine cha mkate wa sukari. Kaamini! Wakati mwingine najiogopa.

Sasa ni kuvirudisha kabla Pake hajavitaka. Rahisi.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimekwenda ukumbi wa kanisa. Bibi Hiltje alikuwa anabandika namba. Ningeweza kumwambia, "Samahani bibi, nimekosea, naomba viatu vya babu." Maneno saba. Nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nilipofika nikamwambia nimekuja kusaidia. Kafurahi, kanipa ufagio.

Viatu viko sanduku namba 14, juu kabisa, vinang'aa, kila mtu atavitaka! Vimeshaandikwa kitabuni, na cha kanisa kikishaandikwa ni cha kanisa. Lakini hakuna sheria juu ya kuhama. Bibi Hiltje alipokwenda kuchemsha maji, nikavihamishia namba 31, chini kabisa, chini ya fito kuukuu za mapazia. Nani atalitaka sanduku la fito? Mimi peke yangu!

Mnada wetu ni wa kushuka. Mzee Tjeerd huanza na bei ya juu, anateremka kidogo kidogo, na wa kwanza kupaza sauti "Yangu!" ndiye mwenye mali. Ukiwahi, unaumia. Ukichelewa, unakosa. Yaani ni mchezo wa kunyamaza, na katika kunyamaza mimi ni bingwa wa mkoa. Kinachobaki ni lile neno moja.

Mchana nimejifunza malishoni. "Yangu!" Mara ya kwanza hata panzi hawakusikia. Mara ya kumi ng'ombe wote arobaini wamekuja mbio. Niko tayari.

Jumamosi, 27 Aprili, Sikukuu ya Mfalme

Asubuhi, darajani. Nimekuja na njia yangu mwenyewe: kila kitu na karatasi yake ya bei, mteja asome, alipe, aende. Mteja akiuliza, naonyesha karatasi kwa kidole. Mwanamke mmoja akaniuliza taratibu, kwa ishara za mikono, kama nasikia. Nikatikisa kichwa, na hilo sijui kwa nini. Akanunua vikombe viwili kwa huruma. Mbinu inafanya kazi!

Redmer, mraba wake uko kando ya choo cha umma, kauza kila kitu kabla ya saa tano. Kaja na keki ya rangi ya chungwa mkononi, kanitazama, kasema, "We Fardau, unauza au unazika?" Watu wamecheka. Hata yule mwanamke kacheka, kisha kanitazama vizuri, kwa sababu na mimi nilicheka.

Mchana, mnada. Ukumbi umejaa. Mfukoni nina akiba yangu yote ya kambi ya mashua ya kiangazi, ingawa nilihesabu kulipata sanduku kwa euro tatu. Redmer kaketi karibu yangu, keki ya nne, kaninong'oneza kwamba anasubiri namba 31. Baba yake anataka fito za kutandikia turubai la mashua.

Nikaapa: nitawahi. Nitalitazama sanduku lile tu, na nikiliona limebebwa mbele, nasema.

Namba 29 ikaenda. Wasaidizi wakasukuma kitu kikubwa mbele, na juu yake, fito zikichungulia, sanduku langu! Mzee Tjeerd akafungua kinywa. "Mia mbili na hamsini!"

"YANGU!"

Ng'ombe wangejivunia.

Hapa kijijini hakuna anayekumbuka mtu kununua kwa bei ya kwanza. Ndipo msaidizi akaliondoa sanduku, akaliweka chini, akaomba radhi kwamba walilibeba pamoja ili wasirudi mara mbili. Namba 30 ilikuwa kile kitu kikubwa: kinanda cha kanisa cha kukanyaga, kilichonyamaza tangu Mem akiwa mdogo.

Mzee Tjeerd kaniuliza kwa upole, binti, una hakika? Ningeweza kusema hapana. Watu mia moja walikuwa wananitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Wakapiga makofi. Mchungaji kafuta macho, kasema paa limepata mwenyewe.

Namba 31. Arobaini. Thelathini. Akiba yangu yote imemezwa na kinanda. Ishirini. Kumi. Redmer akafungua mdomo, lakini mlikuwa na keki. Tano. Nikaona mbao zile zikiondoka, vidole viwili vya babu vikiondoka nazo. Nne.

"Yangu!" Sauti ya nyuma kabisa, nzito, haina haraka.

Pake! Maharagwe yake yanahitaji fito za kupandia.

Alilifungua njiani, kwenye kingo za mfereji. Akatoa fito moja. Ya pili. Akasimama. Akavitoa viatu, akavigeuza, akapitisha kidole kwenye chuma. Nilitamani mfereji unimeze. Kasema fundi wa Dokkum ana duka la ajabu. Kasema pia hajanoa vizuri. Kisha kaanza kucheka mpaka kashika mti, na mimi nikalia, nikamwambia yote, kuanzia sanduku la tatu mpaka ng'ombe. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote maishani mwangu. Kaniambia, "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ungeuliza tu."

Nimeyaandika maneno hayo na kuyapigia mistari miwili.

Jumapili, 28 Aprili

Mimi ni mtu mpya. Tumevipaka viatu mafuta pamoja, mimi cha kushoto, yeye cha kulia. Pake kaniambia nivitundike kwenye msumari karibu na jiko, pale pale kila mtu anapoviona.

Nimewaza. Msumarini? Mem anasafisha nyumba wiki hii! Mtu anaweza kuvichukua bila kuuliza, watu wengine ndivyo walivyo. Nimepata mahali bora. Kinanda kiko ghalani, na nyuma, palipokuwa na mifuko ya hewa, ni patupu. Viatu vimeingia kama vimepimwa. Nimerudishia ubao na skrubu zote sita. Hakuna mwizi duniani atakayefikiria hapo. Nilikuwa nimwambie Pake, ila alikuwa amesinzia.

Jumatatu, 29 Aprili

USHINDI MKUBWA KULIKO WOTE!

Redmer kaja na trekta. Anakitaka kinanda, akifanye kaunta ya vinywaji kwenye banda lao. Kasema hamsini. Sikujua niseme nini, nikanyamaza. Kasema sabini. Nikatazama viatu vyangu. Kasema mia, na bata wawili, na ananiona mtu mgumu sana. Mgumu! Mimi! Nikaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo mnada wa kupanda nao nimeumudu, tena bila neno hata moja. Nimekisukuma mwenyewe kwenye tela. Kilikuwa kizito kidogo kuliko nilivyokumbuka.

Saa kumi, wakati wa kahawa, Pake kautazama msumari. Kauliza viatu viko wapi.

Nikakumbuka.

Kulikuwa na njia mbili. Nimemwambia viko Dokkum kwa fundi, maana kweli havikunolewa vizuri. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Pake kaweka kikombe chini. Kauliza nani aliyekuwa na trekta asubuhi. Kisha kavaa koti, kachukua bisibisi, kasema anavuka kwenda kwa kina Redmer kukisikiliza kile kinanda.

Maskini babu. Kasahau kwamba hakina sauti.