Mtaa Usio na Mwanamke Mwenye Kazi

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza kazi! Karani wa utafiti wa ajira, mkataba wa wiki mbili. Atakayefanya vizuri atapewa ajira ya kudumu. Sioni mwingine zaidi yangu. Mpinzani wangu ni dada mmoja tunayemwita Miwani. Anamtaka kila mtu ajibu mwenyewe: siku saba zilizopita ulifanya nini, kwa saa ngapi. Atazeekea kwenye mlango wa tatu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata mbinu. Waume wa mtaa niliopangiwa wote hushinda kwa kinyozi. Nikakaa kitini, nikanyolewa huku nikiwauliza habari za wake zao. Jibu moja: hana kazi, yupo tu nyumbani. Mtaa umekwisha kabla ya ndevu. Jioni Miwani karudi hoi, viatu vimejaa vumbi. Nikampa pole kwa sauti, ili msimamizi asikie.

Jumatano, 5 Juni
Msimamizi kaniita. Ati kweli mtaa mzima hauna mwanamke hata mmoja mwenye kazi? Nikasema takwimu ndizo zinazosema, si mimi. Akauliza chai niliyoshika nimeinunua kwa nani. Nikasema kwa mke wa kinyozi. Akanitazama. Nami nikamtazama. Sijui chai imeingiaje hapo.

Alhamisi, 6 Juni
Miwani karudia mtaa wangu. Wanawake karibu wote wana kazi! Wanauza chai, wanasuka, wanafua nguo za watu. Wengi ni kwa saa chache, kwa sababu ya jiko na watoto, lakini nazo ati ni kazi. Fitina tupu. Nimepunguziwa saa za kazi, sasa nafanya asubuhi tu. Imeniuma, sifichi. Mke wangu kainua uso kwenye cherehani, kasema nisihofu, kodi ya nyumba ameshalipa yeye. Ana moyo mzuri, maskini.

Ijumaa, 7 Juni
Nyumba yetu nayo imechaguliwa kuhojiwa. Miwani kapiga hodi. Kajumlisha saa zangu, kaniandika mfanyakazi wa saa chache. Nikavumilia. Kisha akamuulizia mke wangu. Nikaeleza kwamba hayupo, kaenda kupeleka sare za shule, wiki nzima hakulala kwa kuzishona. Akasema atamsubiri. Nikamwonea huruma, hajifunzi.

"Ya nini kusubiri, dada?" nikamwambia. "Andika tu. Hana kazi, yupo nyumbani."