Malalamiko ya Aliyefukuza Mvua Kakuma

Amuria Lomenen,
Kakuma.
9 Aprili 2013

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Kesho ya Kijani,
Lodwar.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: KUNYIMWA MAJI KWA KOSA LA KUHARIBU DUNIA

Ejok, ndiyo salamu ya kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na feni ya ofisi ikizunguka. Mimi ni mjane, na kazi yangu ni kuchoma makaa. Sikuzaliwa nayo. Nilikuwa na mbuzi thelathini na mmoja. Ukame wa mwaka juzi uliwamaliza, na wa mwisho nilimbeba mwenyewe begani kutoka malishoni, akafia njiani. Ndipo nikashika panga. Makaa yangu humpelekea Aluel, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliye kambini, naye hunipa mtama wa mgao wake. Yeye hapewi kuni za kutosha, mimi sipewi chakula, kwa hiyo tunaelewana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa pili mfanyakazi wako, Bi Jepkoech, alikuja kutufanyia semina ya mabadiliko ya hali ya hewa. Alisema, "Kila anayekata mti anafukuza mvua." Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, kwa sababu soda zilikuwa zinagawiwa kuanzia mbele.

2. Kesho yake Mzee Erupe, mwenyekiti wa kamati ya kisima, alitoa mtungi wangu kwenye foleni. "Mvua umeifukuza wewe," akasema. "Irudishe kwanza, ndipo uteke." Sikubishana naye, maana mradi ulikuwa umeshasema. Tangu siku hiyo nachimba mchanga wa mto Tarach, ambao umekauka, hadi mkono uzame begani, na asubuhi nzima napata lita tatu za maji yenye rangi ya chai. Aluel akipata nafasi hunigawia maji ya bomba la kambini. Hajawahi kuniuliza mvua nimeipeleka wapi.

3. Nilidandia lori hadi Lodwar kumwuliza Bi Jepkoech ni magunia mangapi ya makaa yanayofukuza mvua moja, ili nijue nimefukuza ngapi. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti. Nyuma ya dirisha jenereta yenu ilikuwa ikinguruma na kutoa moshi ambao, kwa jicho la mtu wa kazi, ni wa tanuri mbili na nusu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, si wewe. Ni viwanda, magari, ndege. Ni dunia nzima." Nikamwomba aniandikie maneno hayo nimpelekee Mzee Erupe. Akasema hana ruhusa ya kuandika juu ya dunia nzima; ruhusa yake inaishia Turkana Magharibi.

4. Ndugu Mkurugenzi, hapo ndipo nilipoumia. Ikiwa kosa tumelifanya watu wote, mbona mtungi uliotolewa kwenye foleni ni mmoja? Wenye viwanda wanateka wapi?

5. Tena mwaka jana redio ilitangaza kwamba kusini mwa Turkana ardhi imetobolewa, mafuta yakapatikana. Watu walicheza. Mimi nikichoma kilicho juu ya ardhi, huo ni uharibifu. Wakubwa wakichoma kilicho chini yake, hayo ni maendeleo. Naomba kujulishwa ni futi ngapi mtu huchimba ndipo aingie kwenye maendeleo. Kwa sasa nimefika tatu.

Kwa hiyo naomba dunia nzima iitwe kwenye baraza hapa Kakuma. Ije na mitungi yake, ijipange nyuma yangu. Kila mwenye kiwanda achimbe mchanga wa Tarach asubuhi moja tu, sururu tutawaazima.

Kama hilo lina gharama kubwa, basi nipewe cheti chenye mhuri, kisemacho kwamba mimi Amuria Lomenen, kwa panga moja na bila msaada wa mtu, nimebadili hali ya hewa ya ulimwengu. Nitakitumia kuomba kazi. Mtu mwenye uwezo kama huo si vizuri kumwacha bila mshahara.

Nisalimie Bi Jepkoech, ambaye ana moyo mwema, na mlinzi wa getini aliyeninywesha maji bila kuniuliza kazi yangu. Dunia nzima nayo, ikipita hapo ofisini, isalimie.

Ni mimi, ninayengoja zamu yangu kisimani,
Amuria Lomenen

Tanbihi: Barua hii imekaa siku nne ikingoja lori. Juzi mvua ilinyesha mchana kutwa, Tarach ukafurika, na lori bado limekwama ng'ambo. Leo asubuhi Mzee Erupe amekuja kwangu na mbuzi jike mwenye maziwa. "Mama, asante kwa kuirudisha," akasema. "Wazee wanaomba ya mwaka ujao usiicheleweshe hivi." Nilimtazama, nikatazama na chuchu za mbuzi, nikamwambia nitajitahidi. Basi nimeondoa malalamiko yote, hasa la tatu. Tafadhali mwambie Bi Jepkoech akija huku asitaje viwanda wala ndege. Aliyefukuza mvua ni mimi peke yangu.